Jiří Trnka: fundi wa masanamu mwenye filme yake ilifungiwa miaka karibu 20

Watu wengi wanaamini kwamba filme ya katuni ni kitu cha kutulizisha watoto tu. Wakubwa wa Chekoslovakia ya zamani hawakuamini vile. Kisha mwaka wa 1969, nakala za filme moja ya minuti 18 zilikusanywa na kufungiwa, na wakaaji wa inchi ile wakabaki karibu miaka 20 bila kuionyeshwa. Ndani ya ile filme hakuna mutu mwenye anasema hata neno moja. Haitaji chama, haitaji rais, haionyeshi bendera. Kuna sanamu moja ndogo yenye kuvaa nguo, kuna chungu cha maua, na kuna mukono mukubwa wenye kuvaa glavu. Ni ile tu.

Mwenye aliitengeneza anaitwa Jiří Trnka. Hakuwa adui wa serikali, na hakukimbilia inchi ya inje. Serikali ile ile ilimulipa mushahara, ikamupatia studio, na mwaka wa 1963 ikamupatia jina la heshima la Musanii wa Taifa. Njo maana maisha yake yanastahili kusimuliwa polepole, toka mwanzo.

Mutoto wa fundi mabati

Jiří Trnka alizaliwa tarehe 24 mwezi wa pili mwaka wa 1912 katika muji wa Plzeň, upande wa mangaribi wa inchi yenye leo inaitwa Cheki. Plzeň ni muji wa viwanda. Dunia inaujua juu ya pombe yake, na juu ya kiwanda cha Škoda chenye kilikuwa kinatengeneza mashini na mizinga. Wakati ule inchi ilikuwa chini ya kaisari wa Austria na Hungaria. Jiří alikuwa na miaka sita wakati Chekoslovakia ilizaliwa kama inchi huru, mwaka wa 1918.

Baba yake alikuwa fundi wa mabati, mama yake alikuwa mushonaji wa nguo. Haikuwa familia ya matajiri, lakini ilikuwa nyumba ya watu wenye mikono inajua kazi. Mutoto alianza mapema kuchonga masanamu ya muti na kuyavalisha vipande vya nguo.

Kule, masanamu ya kuchezesha hayakuwa muchezo wa bure. Kwa miaka mingi, wakati wakubwa wa miji na ofisi walikuwa wanatumia Kijerumani, wachezeshaji wa masanamu walikuwa wanatembea na mizigo yao kijiji kwa kijiji, wanasimulia hadisi kwa Kicheki. Wakulima wenye hawakukanyaga hata siku moja kwenye teatro kubwa walisikia lugha yao ikisemwa na mufalme wa muti na shetani wa muti. Watu wa Cheki wanahesabu kwamba ile masanamu ilisaidia lugha yao isipotee. Mwaka wa 2016, UNESCO iliweka ile desturi ya Cheki na Slovakia kwenye liste ya mali za utamaduni wa dunia.

Kwenye masomo, Trnka alibahatika kufundishwa kuchora na Josef Skupa. Yule mwalimu alikuwa pia muchezeshaji wa masanamu mwenye kujulikana sana, mwenye aliumba Spejbl na Hurvínek, baba mujinga na mutoto muchokozi, wenye wangali wanachekesha watu wa Cheki mupaka leo. Skupa aliona kipaji cha kijana, akamupatia kazi katika teatro yake, na akasaidia wazazi wakubali mutoto aende kusoma kwenye masomo ya juu ya sanaa katika Praha. Miaka ya mbele, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, Wanazi walimukamata Skupa juu ya mizaha yenye masanamu yake ilikuwa inawatupia. Mwanafunzi alikuwa na mufano karibu: sanamu inaweza kumupeleka mwenye kuichezesha gerezani.

Teatro yenye haikudumu

Trnka alimaliza masomo mwaka wa 1935. Mwaka wenye ulifuata alifungua teatro yake mwenyewe katika Praha, akaiita Teatro ya Muti. Masanamu ilikuwa mizuri, lakini feza hazikuingia, na ile kazi ikafungwa bila kukawia. Akarudilia kuchora.

Wakati Wajerumani waliikalia inchi yake, alijipatia chakula kwa kuchora picha za vitabu vya watoto na kutengeneza mapambo ya jukwaa la teatro. Kazi ya vitabu hakuiacha tena. Katika maisha yake alichora picha za vitabu zaidi ya 100, na wazazi wengi wa Cheki wanajua mukono wake kupitia hadisi za ndugu Grimm na za Andersen kabla ya kujua filme zake. Kimoja, chenye kinaitwa Bustani, alikiandika na kukichora mwenyewe, kikatoka mwaka wa 1962.

Mwaka wa 1945 vita ilikwisha. Serikali mupya iliweka sinema yote ya inchi mikononi mwa taifa, na kikundi cha wachoraji wa katuni wa Praha kikamuita Trnka awe kiongozi wao. Hakuwa ametengeneza filme hata moja. Lakini mwaka wenye ulifuata, filme yake ya wanyama wenye kushinda wanyang'anyi ilipata tuzo huko Ufaransa, kwenye festivali ya kwanza ya Cannes. Mwaka ule ule alitoa Zawadi, filme ya mizaha ya ajabu yenye haikufanana na zile za Walt Disney. Watu waliona kwamba katuni inaweza kusema na mutu muzima, na kwamba inaweza kufuata njia ya ndoto kuliko njia ya hadisi ya kawaida.

Kazi ya subira

Pamoja na ile sifa, Trnka hakuwa na furaha. Katika katuni za kuchorwa, muchoro wake ulikuwa unapita kwenye mikono ya watu wengi mbele ufike kwenye kioo, na mwishoni hakuwa anautambua vizuri. Akarudia kitu chenye alipenda toka utoto: sanamu yenye mutu anaweza kushika.

Namna ya kufanya ile filme ni nyepesi kueleza, lakini ni nguvu kufanya. Ndani ya sanamu kuna mifupa ya chuma yenye viungo, ili mukono ukikunjwa ubaki vile ulikunjwa. Sanamu inasimamishwa kwenye meza yenye kupambwa sawa nyumba ao pori. Fundi anasogeza mukono kidogo sana, anatoka mbele ya kamera, picha moja inapigwa. Anarudi, anausogeza tena kidogo, picha ya pili. Sinema inakula picha 24 kwa segonde moja. Kwa minuti moja ni picha 1,440. Taa ikisogea, ao mutu akigonga meza, kazi ya siku nzima inaharibika.

Kuna kitu kingine chenye kilimutofautisha Trnka. Masanamu yake hayabadilishi uso. Wengine walikuwa wanatengeneza vichwa vingi kwa sanamu moja, hiki cha kucheka, hiki cha kulia. Yeye alipaka macho mara moja tu, macho yenye hayaseme waziwazi furaha wala huzuni, na kiisha alitumia taa, namna kichwa kinainama, na upande wenye kamera inasimama. Mwenye kutazama anaapa kwamba aliona sanamu ikilia. Haikulia. Ni kivuli tu kilipita.

Hapo akatoa filme ndefu moja nyuma ya ingine. Mwaka wa 1947 ilikuwa Špalíček, yenye inaonyesha sikukuu na desturi za vijiji vya Cheki katika mwaka muzima. Muziki wake, sawa wa filme zake nyingi, uliandikwa na Václav Trojan. Kisha ikafuata hadisi ya Andersen juu ya kaisari wa China na ndege wake, yenye inalinganisha ndege wa kweli na ndege wa mashini. Kisha Bajaja, hadisi za kale za Cheki, na Švejk, ile hadisi ya askari mwenye kujifanya mujinga ili vita isimumalize. Mwaka wa 1959 akatoa Ndoto ya Usiku wa Kiangazi ya Shakespeare, kwa sanamu zenye hazisemi, zenye kutembea sawa wachezaji wa dansi. Ilimula nguvu na miaka. Lakini katika inchi yake haikupokelewa vile alitumainia. Kuna wenye walisema ni mapambo mengi, haigusi maisha ya watu.

Nani alikuwa analipa?

Filme ya masanamu inakula feza nyingi na inazirudisha polepole. Hakuna mutu binafsi wa Praha mwenye angeweza kulipa mafundi, waseremala, washonaji na wapiga picha kwa miaka, ili itoke filme moja. Serikali njo ilikuwa inalipa. Toka mwezi wa pili wa 1948 ile serikali ilikuwa ya chama kimoja, chama cha Kikomunisti.

Trnka hakuwa mutu wa hotuba. Alichagua hadisi za kale, sikukuu za vijiji, Andersen, Shakespeare. Vile vitu serikali ilivipokea bila shida, na hata ilijivuna navyo. Filme zake zilitembea festivali za dunia na kuiletea inchi jina zuri. Wakati wa maonyesho makubwa ya dunia huko Brussels mwaka wa 1958, kazi zake zilikuwa kati ya vitu vyenye Chekoslovakia ilipeleka. Kwa hiyo kila upande ulipata faida yake: musanii alipata studio, serikali ikapata sifa.

Lakini kila musanii wa Praha alijua pia bei yenye wengine walikuwa wanalipa. Juu ya kilima chenye kinatazama muto wa Praha, serikali ilijengesha sanamu kubwa sana ya mawe ya Stalin, ikafunguliwa mwaka wa 1955. Muchongaji wake, Otakar Švec, alijiua mbele ya ile siku ya kufungua. Mwaka wa 1962 upepo wa siasa ulikuwa umegeuka, na serikali ile ile ikaivunja ile sanamu kwa baruti. Kazi ya miaka ikawa vumbi, na mwenye kuichonga alikuwa amekufa.

Katika ile miaka filme za Trnka zikaanza kuwa fupi na chungu. Mwaka wa 1962 alitoa Bibi wa Mashini, juu ya mutoto musichana mwenye kutenganishwa na bibi yake wa kweli na kupewa mashini yenye kusema kwa sauti tamu. Mwaka wa 1964 alitoa hadisi moja ya Boccaccio, juu ya mutawa wa Venezia mwenye anajifanya malaika Gabrieli ili adanganye bibi ya mutu. Zile hazikuwa tena filme za watoto. Na mwaka wa 1965 ikaja ya mwisho.

Mukono

Jina la ile filme ni Mukono, kwa Kicheki Ruka. Mufinyanzi mumoja, amevaa nguo za muchekeshaji, anaishi peke yake katika chumba kimoja. Anaamuka, ananyoosha mwili, anamwangilia ua lake maji. Kazi yake yote ni kulitengenezea chungu kizuri. Hana shida na mutu.

Mulango unagongwa. Inaingia mukono wa mutu wa kweli, mukubwa kumupita yeye muzima, na chungu kinaanguka, kinavunjika. Mukono unaonyesha kitu chenye unataka: mufinyanzi aache vyungu, atengeneze sanamu ya mukono. Anakataa kwa adabu. Unashika udongo wake na kuufanya umbo la mukono. Anaufinyanga tena kuwa chungu. Anaufukuza, unarudi. Unamuletea telefone, halafu feza. Unamuletea televizio yenye inaonyesha mikono ya heshima ya historia, yenye kushika mizani ya haki, yenye kushika mwenge. Anakataa. Unakuja na glavu nyeusi ya nyuzi, unacheza mbele yake sawa mwanamuke mwenye kutongoza. Hapo mufinyanzi anaanza kulegea, na Mukono unamunasa.

Unamufunga kamba kwenye mikono na miguu, yeye mwenye alikuwa anatembea huru anakuwa sasa sanamu ya kuchezeshwa. Unamuingiza ndani ya kifungio cha ndege, kifungio cha zahabu, na pale anachonga mukono mukubwa wa jiwe. Wakati anachonga, Mukono unamuvika medali na taji. Mwishoni anapata mushumaa, anaunguza zile kamba, anatoroka, anarudi nyumbani. Kitu cha kwanza chenye anafanya si kupumuzika. Anapigilia misumari mulango na dirisha. Anaogopa kila kitu. Analiweka ua lake juu ya kabati ili liwe salama, na chungu kinateleza, kinamuanguka kwenye kichwa. Anakufa.

Mukono unarudi. Unamufanyia maziko makubwa. Kabati yake inakuwa sanduku ya maiti, medali zinawekwa, Mukono unapiga saluti. Filme inaisha pale.

Mwenye kutazama mara ya kwanza anaweza kusema ni ndoto ya mutu mwenye homa: mukono bila mwili, wenye kupiga saluti kwenye maziko ya sanamu. Lakini kila kitu kinafuatana. Mukono hauanzi na fimbo. Unaanza na kuomba, unakuja na zawadi, unakuja na sifa, unakuja na tamaa, na nguvu inakuja mwisho. Na hata kisha mufinyanzi kutoroka, woga unabaki naye ndani ya nyumba. Hakuuawa na Mukono. Aliuawa na chungu cha ua lenye alikuwa analinda. Na maziko yenye yalipashwa kuwa ya mutu mwenye alikataa, yanakuwa maziko ya mutumishi mwaminifu, juu maiti haiwezi kubishana.

Kuna pia neno lenye watu wa kazi ya masanamu wanasikia haraka kuliko wengine. Katika filme za Trnka, mikono ya mafundi njo inapatia sanamu uzima, lakini siku zote inajificha. Kazi yote ni kufanya isionekane. Katika filme yake ya mwisho aliitosha ile mikono inje, na akaonyesha kwamba mukono ule ule wenye kupatia uzima unaweza kuuondoa. Yeye mwenyewe alikuwa mufinyanzi, na kwa miaka 20 alikuwa amekula kwenye sahani ya Mukono.

Kufa, na kufungiwa

Filme ilionyeshwa, ikapata tuzo kwenye festivali ya Annecy huko Ufaransa mwaka ule wa 1965. Haikutaja inchi, na yeyote angeweza kusema kwamba inasema juu ya wadikteta wa mahali pengine. Miaka mitatu mbele, inchi ilikuwa inajaribu kufungua madirisha: magazeti yalianza kuandika, watu walianza kusema. Tarehe 21 mwezi wa nane mwaka wa 1968, vifaru vya Urusi na wenzake viliingia Praha, na ile mambo ikakwisha. Katika mwaka ule Trnka alipata medali ya Hans Christian Andersen ya wachoraji wa vitabu vya watoto.

Alikuwa amekwisha choka, moyo ulikuwa unamusumbua. Alikufa katika Praha tarehe 30 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 1969, na miaka 57. Akazikwa Plzeň, kwao.

Kiisha wakafungia Mukono. Serikali yenye ilikuwa imerudisha kila kitu chini ya amri haikutaka tena filme yenye watu wanaitazama na kutazamana. Jina la Trnka halikufutwa. Vitabu vyake vilisomwa, filme za hadisi zake zilionyeshwa, aliitwa fahari ya taifa. Ni mukono mumoja tu ulikosekana kwenye picha. Wenye walikuwa wameona filme mbele ifungwe walijua vizuri mufano wake: musanii akiisha kufa anapambwa medali, na kitu chenye alikuwa anataka kusema kinawekwa chini. Ilingojea mupaka utawala ule uanguke, mwisho wa mwaka wa 1989, ndipo Mukono ikaonyeshwa tena bila kificho.

Wenye walibaki

Kazi haikufa na fundi. Břetislav Pojar, mwenye alikuwa anasogeza masanamu katika studio yake, alikuwa mutengenezaji mukubwa wa filme kwa jina lake. Katika Praha ile ile, Jan Švankmajer alisukuma mbele filme za ajabu za watu wazima, zenye ndani yake nyama, udongo na vitu vya nyumba vinatembea sawa ndotoni. Yeye pia alikatazwa kazi kwa miaka kadhaa.

Mwaka wa 1963, Mujaponi mumoja, Kihachirō Kawamoto, alisafiri mupaka Praha ili ajifunze kwa Trnka. Alifikiri atajifunza namna ya kutengeneza masanamu sawa ya Ulaya. Trnka alimupokea, akamufundisha, lakini akamuhimiza atazame kwao: Japani ilikuwa na teatro yake ya kale ya masanamu, na ile ndiyo ilipashwa kuwa mwalimu wake. Kawamoto alirudi, akafanya vile, na filme zake zikajulikana dunia nzima kwa sura ya Kijaponi, si ya Kicheki.

Pale njo kunaonekana Trnka alikuwa mutu wa namna gani. Alikuwa na nafasi ya kumufanya yule kijana achonge mukono wake, yaani mutindo wa Trnka, na kijana angekubali kwa furaha. Alimuachia atengeneze chungu chake.